Teksi ya Faravohitra

"Usiiuze," Lalao alisema, na Ndriana akaangusha kijiko.

Huyu ndiye mwanamke ambaye kwa miaka mingi aliiita teksi ile jeneza lenye magurudumu. Alishaomba iuzwe, itupwe, ifugiwe kuku. Leo mumewe amekubali kuiuza, mnunuzi yuko njiani, naye anafuta machozi kwa aproni.

"Baba Fara, nakuomba. Gari hii ndiyo inayotulisha."

Ndriana aliguswa mno. Maskini, mapenzi yamemchanganya akili, aliwaza. Teksi haikuwa imeingiza hata senti moja tangu Januari, petroli ilipopanda bei naye akaamua kuipumzisha uani mpaka bei ipate akili. Bei haikuwa na haraka.

Si kwamba gari lilikuwa bovu. Thubutu! Ilikuwa Renault ya marehemu baba yake, na mita ya kilomita ilishazunguka ikarudi sifuri mara nyingi hata mzee akaacha kuhesabu, akawa anawaambia abiria kwamba ni mpya. Mlango mmoja ulifungwa kwa kamba. Kila asubuhi Ndriana aliifuta vumbi, akakaa kwenye usukani kidogo, kisha akashuka amechoka kama mtu aliyetoka kazini. Aliipenda teksi ile, na hakuona haya kusema hivyo.

Kilichomtia haya ni sahani yake. Tangu Januari walikuwa wanakula kama ambavyo hawajawahi kula: kila Jumapili kisamvu kwa nyama ya nguruwe, na nyama yenyewe si ya kutafuta kwa tochi. Lalao alikuwa akiuza vitumbua pale kona, na Ndriana, ambaye kudadisi hakukuwahi kuwa ugonjwa wake, aliamini kwamba vitumbua vimekubali. Mwanaume mzima analishwa na vitumbua! Ndiyo maana alikata shauri. Alidondosha ramu kwenye pembe ya kaskazini mashariki ya nyumba, ambayo ni pembe ya wahenga, akamwarifu baba yake kwamba teksi inauzwa. Marehemu hakupinga.

"Basi mngoje Haja kwanza," Lalao alisihi. "Aje aikague."

Haja alikuwa kaka yake Lalao, fundi magari, shemeji wa kupigiwa mfano. Kila Jumapili, wakati Ndriana akiimba besi kanisani, Haja alikuja na mkoba wake wa spana kuihudumia teksi bure kabisa. Alipoondoka, mkoba ulikuwa unamwelemea bega, maskini, kwa uchovu. Hakudai hata asante. Ombi lake lilikuwa moja tu: "Shemeji, huku mbele niachie mimi. Ukigusa utavuruga mambo." Na Ndriana, muungwana, hakugusa.

Mnunuzi akafika. Aliitwa Rivo, mtu wa Itaosy, naye alitaka gari la kizamani la kubebea maharusi. Alizunguka teksi, akapiga gurudumu teke kama wafanyavyo wote wasiojua magari. Alipoinamia boneti, Lalao alimtokea na sahani.

"Kula kwanza, kaka. Vya moto hivi."

Rivo alikula vitumbua vitatu, akasahau alichokuwa anatafuta. "Haya, tuijaribu," alisema huku akilamba vidole.

Waliisukuma hadi kwenye ukingo wa mteremko. Ilikwenda kama kigari cha mtoto.

"Unaona ilivyo nyepesi?" Ndriana alijigamba. "Nyingine za umri huu, mpaka uite mtaa mzima."

Akaingia pamoja na Rivo, akaiweka miguuni pake chupa ya petroli, ambayo ndiyo tangi la teksi za mji huu, akaachia breki. Hakuwasha. Dereva gani wa Antananarivo mwenye akili timamu anawasha injini kwenye mteremko? Petroli ni ya kupandia. Teksi ikateleza kutoka Faravohitra, ikapita ngazi za mawe na akina mama wenye vikapu, ikakata kona kwa heshima zote. Nyuma yao, juu kabisa, Lalao alikuwa amesimama na sahani yake tupu.

"Kimya hivi!" Rivo alisema, macho ameyafumba kwa raha. "Hakuna hata kinachogongana huko mbele."

"Matunzo hayo, mdogo wangu. Shemeji yangu hana mchezo."

Walisimama chini kabisa, karibu na soko la Analakely. Rivo alipiga dashibodi kofi la furaha. "Nimeridhika. Nakupa bei yako, sikupunguzii. Turudi juu tukamalizane."

Ndriana alipapasa usukani uliolainishwa na mikono ya baba yake, akauaga kimoyomoyo. Kama si mgeni kuwapo, angelia. Alilia hivyo hivyo. Kisha akazungusha ufunguo.

Teksi haikujibu. Akazungusha tena. Wala kikohozi.

"Ina haya na wageni," alieleza.

"Ngoja niitazame," Rivo alisema. Akashuka, akafungua boneti, akaingiza kichwa chote ndani. Mwisho akachungulia pembeni ya boneti, akamtazama Ndriana kwa upole, kama mtu anayemsemesha mgonjwa.

"Kaka," aliuliza, "injini iko wapi?"

Ndriana akaja mbele, akainama. Pale mahali pake aliyaona mawe ya barabara, safi kabisa. Taratibu akajishika tumbo, lililokuwa bado limeshiba nyama ya Jumapili.