Mtu wa Kucheza Naye

Haidari alimuua mgeni kwa teke la shingo. Akamuua tena kwa upanga, damu ikatapakaa kioo kizima cha televisheni, na mgeni akacheka mpaka akakohoa.

"Umeniweza, bwana mdogo. Turudie."

Kibanda cha Mfaume kilikuwa nyuma ya stendi ya Ikwiriri: makuti juu, benchi moja, televisheni moja, jenereta ikiunguruma nje. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, na kila kitu kilishuka kwenye mabasi kutoka Dar: redio, mitumba, na sasa gemu. Watoto wengine walikuja wawili wawili, ndugu kwa ndugu. Haidari hakuwa na ndugu. Baba yake, alivyoambiwa, alifariki yeye akiwa hajaota meno. Mama yake, Mwanasiti, alishinda akipeta ufuta kwenye ghala la wanunuzi, akarudi hana hata nguvu ya kuzungumza. Basi Haidari alizoea kupigana na mashine, na mashine haikwambii kitu, ushinde ushindwe.

Ndipo akaja mgeni. Alipanga gesti ya jirani, akasema anatafuta mpunga, ingawa hakuna aliyewahi kumwona na gunia. Siku ya kwanza alisimama sana mlangoni, kisha akaketi, akaishika pedi ya pili kichwa chini miguu juu.

"Sijui kucheza," alisema. "Nifundishe."

Haidari akamfundisha. Hakuwa amewahi kumfundisha mtu kitu maishani mwake. Wakawa wanacheza kila atokapo shule, na kati ya pigano na pigano mgeni alimuuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza: anapenda kula nini, nani anamwonea darasani, anaogopa nini.

"Na baba?" aliuliza siku moja.

"Alikufa zamani, mjomba."

 Mtu wa mgeni kwenye kioo alisimama tu akipigwa, mpaka akaanguka.

Kesho yake Mwanasiti alitokea mlangoni pa kibanda, makapi ya ufuta bado yamemganda kwenye kanga. Alisimama pale kama aliyesahau alichofuata. Kisha akamshika Haidari mkono, akamvuta mpaka nyumbani.

Wiki hiyo alipita nyumba hadi nyumba akililalamikia gemu. Ijumaa baada ya swala kukawa na mkutano wa kijiji, shauri likiwa gemu la Mfaume. Mwalimu Sabra alisema watoto wanarushiana mateke darasani, na mwanafunzi wake Mustapha ameshang'olewa jino. Mfaume akauliza, ati kabla ya gemu watoto wa Ikwiriri walikuwa malaika? Na hao wazazi wanaokesha wakitazama mikanda ya video ya kareti, wao wameua wangapi? Watu wakacheka. Ilionekana atashinda.

Mwanasiti akasimama.

"Mnacheka. Mimi mwanangu ninaye huyo mmoja, namlea peke yangu. Mle ndani anafundishwa kukata watu vichwa, damu inaruka, na watu wazima wanakaa naye wanamchekea. Akija kumkata mwenzake, mtakuja kunisaidia kulia?"

 Haidari, aliyekaa mchangani na watoto wenzake, alishangaa, maana siku ile kibandani mama hakuitazama televisheni hata kidogo.

Hakuna aliyecheka tena. Mzee Mwinjuma, mwenyekiti wa kijiji, akatoa uamuzi: watoto marufuku kibandani. Mgeni alikuwa amesimama nyuma kabisa ya watu. Hakutetea gemu. Aliondoka kabla ya dua.

Siku zilizofuata Haidari alikaa barazani, akisikiliza jenereta ikiunguruma kwa ajili ya watu wengine. Wakati mwingine vidole vyake vilibonyeza goti, kushoto, kulia, juu, kisha akakumbuka kwamba hakuna anayempiga wala anayepigwa.

Jumatatu asubuhi Mfaume alimwambia Haidari kwamba mgeni anaondoka na basi la kwanza. Haidari akaiacha njia ya shule, akakimbilia stendi. Alitaka kumwambia tu kwamba yeye hana kinyongo. Akija tena kutafuta mpunga, kuna bao, kuna karata. Si lazima liwe gemu.

Alimwona kando ya basi, ameshika begi dogo. Lakini mama alikuwa ametangulia kufika. Haidari akajibanza nyuma ya magunia, akingoja amalize kumgombeza yule mtu kwa ule mchezo wa damu.

Mwanasiti hakugombeza. Aliongea polepole, kama anayeongea na mgonjwa.

"Mwanao anajua ulishakufa," alisema. "Panda gari."