Paa la Kuku

Bi Mwanasiti alitoka nyumbani kwake akitiririka jasho, upepeo mkononi. Mwanawe Shebe, anayeishi milimani kwenye baridi, alikuwa ametuma mafundi wakang'oa makuti na kuezeka mabati. Leo alikuja kujionea.

"Mama, nyumba imependeza!"

"Imempendeza mpita njia! Mimi ninayekaa humo naokwa kama mkate wa mofa. Uliniuliza?"

"Sikutaka watu wakucheke."

"Basi ingia wewe, ukae humo mpaka alasiri!" Akamsukumia upepeo kifuani.

Makuti yake ya zamani mafundi walikuwa wameezekea banda la kuku. Bi Mwanasiti akalielekea, akainama, akaingia. Kuku waliojilalia kwenye ubaridi wakasogea kidogo, wakampisha.