Viboko vya Mkojo wa Baba

Tangu sukari ipigwe marufuku, kila asubuhi mgambo hupita nyumba kwa nyumba na kipimo cha mkojo. Kikigeuka chekundu, mwenye mkojo hupigwa viboko kumi, au ndugu yake akapigwa badala yake. Mzee Shemdoe hajalamba sukari miaka sita, ila vidonge vyake vya kisukari huitoa sukari ya mwilini kwa mkojo. Binti yake, Hidaya, alikuwa amepigwa siku nane mfululizo.

“Cheti cha daktari hiki hapa,” alisema siku ya kwanza.

“Kipimo hakisomi vyeti, dada. Inama.”

Siku ya tisa kipimo kilibaki cheupe. Mgambo akacheka. “Leo mzee kaacha ulafi.”

Hidaya aliingia chumbani, akainua godoro. Vidonge vilikuwa chini yake.

“Baba, daktari alisema ukiviacha moyo utasimama.”

“Na usimame. Mgongo wako umebaki nyama tupu, mwanangu.”

Hidaya akamlaza chali, akambana taya, akamsukumia kidonge hadi kooni. Mzee alimng’ata vidole mpaka damu ikatoka, kisha akameza huku analia.

“Nisamehe, baba,” alisema, akaketi mlangoni kumlinda asije akakitapika.