Vikundi vya Védaste

Karekezi alishuka kwenye pikipiki akiwa na gita mgongoni, na moyo wa Védaste ukamwenda mbio. Hatimaye bendi ilikuwa imemfuata.

Tangu alipoiacha ile bendi ya roki aliyopiga na Karekezi kule Goma, kwa hasira na kwa maneno mazito, mpiga ngoma huyu hakuwa amepata kukaa kitako. Alipigia kwaya ya kanisa hapa Kirotshe. Alipigia harusi za kando ya ziwa. Alipigia fanfare, bendi ya matarumbeta ya shule, na wachimbaji wa Rubaya waliotaka makelele ya kupasua masikio kila wanaposhuka mashimoni. Vikundi vyote hivyo vilitegemea mgongo mmoja, na mgongo wenyewe ulikuwa umezeeka. Védaste alichoka, alichoka kabisa. Karekezi akitamka neno moja tu, "rudi," angerudi siku hiyohiyo.

Lakini kwao mgeni haulizwi kilichomleta. Anapewa maziwa, anapumzika, na habari yake ataitoa mwenyewe akiwa tayari. Mukasine, mke wa Védaste, alileta kikombe kimejaa. Karekezi akanywa, akafuta midomo, akawasifu ng'ombe.

Haya, Védaste alijiambia, kama hasemi, acha aone kwanza ninavyotafutwa. Mtu anayetafutwa ndiye anayebembelezwa.

"Kaka, leo niko na kazi mingi," alisema. "Kama hauchoke, twende pamoja."

Walianzia kanisani. Karekezi aliketi kwenye benchi la nyuma, mguu ukicheza peke yake.

"Papa Védaste, polepole!" alifoka Mama Adelaïde, kiongozi wa kwaya. "Hapa ni kwa Mungu, haiko mu bar!"

Kutoka hapo walikwenda Shasha, ngoma kubwa imefungwa nyuma ya pikipiki, kwenye harusi. Védaste alipiga mpaka shangazi za bibi harusi wakaviacha viti vyao. Mabega yalimwaka moto, lakini alitabasamu kama kijana, maana alijua anatazamwa. Simu ilipolia, aliipokea kwa sauti ya kusikika mpaka ziwani.

"Allô, Rubaya? Hapana, dimanche niko pris, niko kanisani siku yote. Mutafute muntu mwingine... Bon, bon, nitaangalia."

Karekezi alitikisa kichwa. "Kumbe wanakutafuta mpaka kule milimani?"

"Kila siku," alijigamba Védaste. "Zingine ninakatala."

Njia nzima ya kurudi Karekezi alionekana akiwaza. Védaste alifurahi moyoni. Dawa imeingia, alifikiri.

Jioni Mukasine aliwapa maharage na viazi, akaongeza maziwa. Védaste alikuwa ameshapanga kila kitu: atakataa mara moja, kwa heshima, kisha atashika mkono wa rafiki yake na kukubali. Zile ngoma za kanisa ataziachia kijana yeyote anayezitaka. Atakuwa na bendi moja, kiti kimoja, na wenzake wanaomjua. Karibu alie kwa raha.

Karekezi alikohoa, akaweka kijiko chini.

"Kaka, tangu ulienda, hatukupata batteur mwingine wa kweli wa kupiga ngoma. Tulijaribu, ikakatala."

"Ninajua," alisema Védaste. "Sema tu, kaka. Usiogope."

"Bendi ilishakufa. Kila muntu alienda njia yake. Mimi sina tena kwenye napiga." Karekezi alitazama sakafu. "Leo nimeona vile uko na kazi. Mu hizi groupe zako zote, hakuna hata moja yenye inakosa mupiga gitare? Ao kama haiko, hata kukubebea ngoma nitabeba."