Mita Kumi na Nane na Nusu

Nguzo zote za soko zilikuwa zimesimama nje ya kuta. Arobaini na nane, zimejipanga kwenye kioo cha kompyuta kama wageni waliokosa mlango, na soko lenyewe liko pembeni, halina cha kulishikilia paa.

"Hebu nione tena," alisema mhandisi, aliyekuja asubuhi ile na kompyuta yake kwapani.

Rula akalizungusha jengo. Jina hilo alipewa na wenzake wa ofisini kwa sababu tangu aanze kuchora majengo hakuwahi kukosea hata milimita. Leo alibonyeza, akarudi nyuma, akabonyeza tena.

Kisa chenyewe kilikuwa cha kawaida. Kuta alizichora yeye kwa programu ya ofisi yao, nguzo alizichora mhandisi kwa programu ya kwao. Kila programu hupima kuanzia nukta yake ya mwanzo, na kazi ya siku ile ilikuwa kuziunganisha faili mbili ziwe jengo moja. Nukta zikitofautiana, ndiyo hayo: mafahali wawili zizi moja.

"Mmepishana kwa kiasi gani?" aliuliza Bosi kutoka mlangoni, kikombe mkononi.

"Mita kumi na nane na nusu," Rula alijibu kabla mhandisi hajamaliza kupima. "Kuta ziko mashariki, nguzo ziko magharibi."

Bosi alitazama saa. Mpima ardhi alikuwa kiwanjani na watu wake tangu saa mbili, akisubiri faili moja iliyokamilika ili apigilie vigingi. Saa sita ikipita bila faili, angekwenda kwenye kazi nyingine, na manispaa ilikwisha sema wazi kwamba ofisi ikichelewa tena, soko wanapewa wengine. Kazi ikiondoka, wa kwanza kuoneshwa mlango ni mchoraji. Hilo Rula hakuhitaji kuambiwa.

Simu yake ilitetemeka mezani. Ilikuwa mara ya nne.

"Mwanangu, nauliza tu," alisema mama yake. "Vyombo vya kabatini nivifunge na magazeti, au?"

"Viache kwanza, mama. Nitakwambia jioni."

"Jioni nitavifunga saa ngapi, na mikono yenyewe ndiyo hii?"

"Viache, mama."

Akailaza simu kifudifudi.

"Mama anahama?" Bosi aliuliza.

"Bado haijajulikana."

Mhandisi alikuwa mtu mpole, wa kupekua jambo hadi mzizi wake. Alikuna kidevu, akatazama kioo, akatazama tena. "Dada, mimi nukta yangu niliitoa kwenye karatasi ya mpima, ile ya mwanzo kabisa. Iko kwenye gari. Niilete tulinganishe, ni dakika kumi tu. Haraka haraka haina baraka."

Jasho lilimtoka Rula mgongoni, na feni inazunguka juu ya kichwa chake.

"Mpima yuko juani, kaka," alisema.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," Bosi akadakia. "Karatasi ya nini? Huyu binti nimefanya naye kazi miaka sita. Siku akikosea yeye, jua litachomoza magharibi. Nguzo zifuate kuta, tumalize."

Rula aliona haya, akainamisha kichwa. Alitamani Bosi asingesema vile, hasa mbele ya mgeni.

Mhandisi alitikisa kichwa kukubali. "Basi kosa litakuwa langu," alisema. "Nitaandika hivyo kwenye ripoti, lisije likamwangukia mtu mwingine."

"Samahani, kaka," alisema Rula, na ilimtoka moyoni.

Alizichagua nguzo zote, akaiamuru programu izipe nukta ya kuta. Zikaondoka kwa pamoja, zikatua kila moja kwenye kona yake, na paa likapata pa kukaa. Saa sita kasoro dakika nane faili ilikwenda kwa mpima. Mhandisi akampa mkono, Bosi akapiga mluzi, akaenda kuongeza chai.

Rula hakuweza kula. Hakuweza hata kukaa. Kila simu ya ofisi ilipolia alishtuka, na kila ilipokuwa ya mtu mwingine alikwenda dirishani akarudi. Saa tisa Bosi alimtazama uso, akamwambia aende nyumbani kabla hajaanguka.

Hakwenda kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, akamkuta sebuleni, amekaa juu ya godoro lililokunjwa, mafurushi yamemzunguka pande zote. Vyombo alikuwa amevifunga vilevile.

"Wale vijana wa kubomoa walikuja," alisema mama. "Barua ya manispaa si ilisema ukuta wa soko utapita chumbani kwangu? Basi wakavitazama vigingi, wakatazamana wenyewe kwa wenyewe, wakaondoka zao. Vyote viko huko nje, kwenye magugu. Au wamekosea, mwanangu? Wasije wakarudi kesho."

"Hawarudi, mama. Fungua mizigo."

Alipitia mlango wa nyuma. Kigingi cha kwanza, kilichopakwa rangi nyekundu, kilikuwa kimepigiliwa hatua moja tu nje ya wigo wa jikoni, na mpini wa nyundo ulikuwa umeacha alama kwenye udongo.

Rula hakuhitaji kupima. Jumapili, mama akiwa ametoka, alikwisha pima mita kumi na nane na nusu kutoka ukuta wa chumba cha mama hadi pale pale, na Jumatatu alikuwa mtu wa kwanza kufika ofisini.