Mistari Minne Kabla ya Ijumaa

Kichwa cha mkewe kilikuwa kimebanwa katikati ya magoti ya Fundi, chanuo lilikuwa mdomoni mwake, na kwa mara ya tatu mchana huo mstari wa nywele ulikuwa umempotea.

"Umefika wapi?" mkewe aliuliza kutoka chini.

"Karibu na sikio."

"Si ulisema unaelekea kisogoni?"

Fundi aliufumua mstari, akaanza upya. Mtaa mzima ulimjua kwa kuchomelea mageti; vyuma akishaviunga yeye, hata nyundo haivitenganishi. Lakini nywele, jamani, zilimtoa jasho. Zinateleza, zinakimbia, na hazina hata pa kukaza skrubu.

Yote yalianza Jumatatu, kwa simu. Afisa wa ustawi wa jamii alipiga wakati mashine ya kukatia chuma inaunguruma karakana nzima, Fundi akasikiliza kwa sikio moja huku la pili amelikinga kwa kiganja. Alisikia kwamba mtoto waliyemngoja mwaka wa pili sasa amepatikana, na anakuja Ijumaa. Kwamba amepitia nyumba tatu na zote zimeshindikana; hii nayo ikishindikana, hakuna nyingine, anarudi kwenye kituo cha kulelea watoto moja kwa moja. Kwamba ana miezi mitano hajamwambia mtu mzima hata neno moja. Kitu pekee kinachomtuliza, alisikia Fundi, ni kusukwa. Mengine yamo kwenye faili, afisa akasema, na laini ikakatika.

Fundi alikimbia nyumbani na miwani ya kuchomelea bado usoni. Walikumbatiana jikoni, wakarukaruka, sufuria ikaungua na hawakujali. Kisha wakatazamana. Mkewe alikuwa muuguzi, kidonda angeweza kukifunga hata umeme ukikatika, lakini nywele zake mwenyewe alizipeleka saluni tangu usichana wake. Kusuka hakujua hata chembe.

"Basi nitajifunza mimi," Fundi alisema. "Binti yangu hawezi kuja hapa akakosa wa kumsuka."

Akaanzia kwenye kamba za karakana, wenzake wakacheka hadi wakakaa chini. Jumanne alisuka pindo za pazia la sebuleni, kisha akahamia kwenye fagio la nyuzi la kupigia deki. Mkewe alipolichukua afanye usafi alilikuta limependeza mno, akaona haya kulilowesha.

Jumatano alikwenda kwenye kikundi cha walezi, kile kinachokutana darasani, watu wazima wamekaa kwenye viti vya chekechea na magoti yao yako kidevuni. Huko kila mmoja huleta lake: mmoja ana mtoto anayeficha mkate chini ya mto, mwingine wake hulia kila akiona maji ya kuoga, na wote hushauriana mpaka mtu arudi nyumbani na nguvu mpya. Fundi alileta fagio. Kicheko kilichozuka kilimfanya mlinzi aje kuchungulia dirishani. Mama Kumi na Mmoja, aliyeitwa hivyo kwa hesabu ya watoto wasio wake aliowalea, alicheka kidogo tu. Alivishika vidole vya Fundi vyenye makovu ya cheche, akavionyesha kazi: gawa tatu, peleka juu, kusanya, usiharakishe.

"Na ukimuumiza, mwambie pole," alimwambia. "Hawa watoto wa kuwaumiza wamewaona wengi. Wa kuwaambia pole ndiye hawajamwona."

Machozi yalimlengalenga Fundi, akasingizia vumbi la chaki.

Usiku ule mkewe akajitolea kichwa. Alhamisi aliingia zamu amefunga kilemba. Kilemba kikafunguka katikati ya wodi, na mgonjwa aliyevunjika miguu yote miwili akampa pole yeye.

Sasa ilikuwa Ijumaa, na Fundi alikuwa anajaribu kwa mara ya mwisho mtindo wa twende kilioni, mistari minne ya kurudi nyuma, ule wanaofundishwa wanaoanza. Miwili ilikuwa imekwenda. Wa tatu ulighairi njiani ukageukia sikioni. Wa nne haukuwa mstari, ulikuwa fundo. Chumbani, kitanda kidogo alichokichomelea mwenyewe kilikuwa kimeshatandikwa, na riboni za kila rangi zilipangwa juu ya mto. Wote wawili walikuwa wanachekacheka ovyo kwa woga, na kila baada ya dakika mmoja alimuuliza mwenzake kama mtoto atawapenda.

Honi ikalia getini.

Mkewe alitoka na kichwa hivyo hivyo. Fundi akamfuata, chanuo mkononi. Afisa alishuka na faili lake, akamwangalia mke wa Fundi kichwani, akasahau kusalimia.

"Nimejifunza," Fundi alisema, jasho likimtoka. "Si ulisema hutulia kwa kusukwa?"

"Kusuka," afisa alisema. "Nilisema kusuka."

Mlango wa nyuma wa gari ukafunguka. Akateremka kijana wa miaka kumi na sita, mrefu kumpita Fundi, kichwa kimenyolewa, ndevu ndiyo kwanza zinachipua, begi moja begani. Alisimama mbele ya mke wa Fundi akaukagua mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipofika kwenye fundo aliweka begi chini, akanyoosha mkono apewe chanuo.

"Kaa chini, mama, nikufumue," alisema. "Na wewe, baba, sogea uone inavyofanywa."