Ahadi ya Mguu

Jumapili, kanisani, Foibe alichota kapuni karatasi ya ahadi yenye mstari wa Biblia, kama wenzake, na yake ilisema Mungu hatauacha mguu wake uteleze. Akalia kwa furaha. Binti yake Ketura alikuwa amelazwa hospitali, kidonda cha muundi wa kushoto kimeoza, na daktari alitaka kuukata mguu.

"Mguu haukatwi," Foibe akawaambia wauguzi. "Bwana ameshasema."

Siku tatu alisema hivyohivyo. Lakini kidonda hakina masikio, kilizidi kupanda.

Jumatano asubuhi muuguzi akarudi na fomu. "Mama Ketura, kikipita goti tutampoteza mtoto. Weka sahihi."

"Unataka nimfanye Mungu mwongo?"

Ketura akageuka kitandani. Homa ilikuwa imemkausha midomo, ila maneno hayakumpungukia. "Mama, karatasi uliichota wewe. Labda ni mguu wako." Akacheka kidogo, kisha akamshika mama yake mkono. "Mimi Mungu hajaniahidi mguu. Ameahidi atakuwa nami. Nikibaki na mmoja, si atakuwepo?"

Foibe akaivuta fomu. Akachukua kalamu, akaandika jina lake polepole, herufi moja moja, kama anayejifunza kuandika.

Kisha akaomba beseni la maji ya vuguvugu. Akauosha mguu ule wa kushoto, kisigino na vidole, kidole baada ya kidole, akaukausha kwa khanga yake. Magurudumu ya kitanda cha kumpeleka upasuaji yalipoanza kusikika yakija koridoni, alikuwa bado anaupaka mafuta.